Mstari wa Futi 5,000

Barabara ya kutoka Nakuru kwenda Kisumu hupanda kwanza kabla ya kushuka. Nakuru yenyewe iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Gari hupita Salgaa, likaiacha Molo mkono wa kushoto, likakwea hadi Mau Summit ambako abiria hufunga madirisha kwa baridi, kisha likaanza kuteremka katikati ya chai ya Kericho. Ukifika Ahero umeshavua koti. Hapo ni tambarare ya Kano, mashamba ya mpunga na mbu tele. Mahali fulani kwenye mteremko huo, baada ya Kericho na kabla ya Ahero, msafiri huvuka mstari usio na kibao wala alama. Uko futi 5,000, yaani mita 1,500 na ushei. Waliouchora walikuwa wakifuatilia uvimbe katika taya za watoto. Kwa kuufuata uvimbe huo, wanasayansi walifika mahali ambapo hakuna aliyepatarajia: ndani ya kiini cha seli ya damu, kwenye kromosomu mbili zilizokatika na kuungana vibaya.

Historia hiyo ni ya Afrika Mashariki tangu mwanzo wake. Ilianzia Kampala, ikapita Entebbe na Nairobi, na watoto waliotoa damu na nyama zao kwa ajili yake walikuwa watoto wa huku. Naisimulia kwa ajili ya wakazi wa Nakuru, Njoro, Gilgil na Baringo, wanaoishi juu ya mstari huo au pembeni yake, kwa sababu maarifa yaliyotokana nayo ndiyo yanayotumika leo duniani kuamua mtoto mwenye saratani ya damu apewe dawa gani. Na maarifa hayo yamechelewa mno kurudi nyumbani.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, daktari Hugh Trowell alimwomba mpasuaji Denis Burkitt aje kumwona mtoto wa kiume wa miaka 5. Taya zake zilikuwa zimevimba pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt alishangaa. Usaha wa mfupa hauingii pembe nne za taya kwa mpigo mmoja, na saratani aliyoijua yeye huanzia mahali pamoja. Wiki chache baadaye alikwenda Jinja kikazi. Akiwa wodini alitupa jicho nje ya dirisha, akamwona mtoto ameketi na mama yake, uso wake umevimba vilevile. Alipomchunguza alikuta pembe zilezile nne za taya, na tumboni kuna uvimbe mwingine.

Burkitt alikuwa mzaliwa wa Enniskillen, Ireland ya Kaskazini, mwaka 1911, na jicho lake moja alilipoteza angali mtoto. Jina lake halikuwa geni Kenya: ami yake, Roland Burkitt, alikuwa daktari mashuhuri wa Nairobi tangu kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na Denis mwenyewe alihudumu Mombasa kama daktari wa jeshi la Uingereza wakati wa Vita vya Pili. Aliporudi kutoka Jinja alifungua majalada ya zamani ya Mulago. Akagundua kwamba watoto wenye uvimbe wa taya mara nyingi walikuwa na uvimbe pia kwenye figo, ini au ovari. Madaktari waliotangulia walikuwa wameiona hali hiyo. Albert Cook, aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897, ameacha kumbukumbu za wagonjwa wa namna hiyo. Ila kila daktari aliandika jina la kiungo alichokiona: huyu saratani ya taya, yule saratani ya figo. Burkitt alisema ni ugonjwa mmoja. Aliuchapisha mwaka 1958, na muda si mrefu Gregory O'Conor, mtaalamu wa patholojia aliyekuwa Kampala, alionyesha kwa hadubini kwamba uvimbe wote huo umejaa seli za aina moja, zile chembe nyeupe za damu zinazoitwa limfosaiti. Ilikuwa limfoma, ndugu wa karibu wa lukemia.

Kilichofuata ndicho ninachokistahi kuliko vyote katika historia hii. Burkitt hakuwa na maabara ya maana wala fedha. Kwa msaada wa pauni 25 alichapisha vipeperushi vyenye picha za watoto wagonjwa, akavituma kwa hospitali za serikali na za misheni Afrika nzima, akiuliza swali moja: mmewahi kumwona mtoto kama huyu? Majibu yalipokuja alichomeka pini kwenye ramani. Ukanda ukaanza kuonekana, kutoka Afrika Magharibi kukatiza bara hadi kwetu, na mkia wake ukishuka pwani ya Msumbiji.

Tarehe 7 Oktoba 1961 aliondoka Kampala na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, ndani ya gari la Ford lililokwishatumika. Walisafiri wiki 10, maili 10,000 hivi, wakapita zaidi ya hospitali 50 za Afrika ya mashariki na kusini. Kila walipofika walionyesha picha zao na kusikiliza. Walitaka kujua ukanda unaishia wapi kusini. Walichogundua ni kwamba ukanda ule haukuwa na mwisho wa kawaida kama mpaka wa nchi. Uliishia kila ardhi ilipoinuka. Karibu na Ikweta uvimbe ulitoweka juu ya futi 5,000. Kadiri walivyokwenda kusini, kwenye baridi zaidi, kikomo kilishuka: futi 3,000, kisha 1,000. Nyanda za juu za Kenya zilibaki tupu kwenye ramani.

Sifa ya ramani ile nadhani inawahusu zaidi wauguzi, wasaidizi wa tabibu na madaktari wa misheni waliokumbuka nyuso za wagonjwa wao na kujibu barua. Majina yao hayamo vitabuni. Bila kumbukumbu zao Burkitt angebaki na watoto wawili na mshangao wake.

Ramani hiyo ilipofika Entebbe, Alexander Haddow, mkuu wa Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Afrika Mashariki, aliitazama akaona kitu anachokifahamu. Haddow alikuwa mtaalamu wa wadudu, mmoja wa watu waliovitambua virusi vya Zika mwaka 1947 katika msitu wa jina hilo. Alieleza kwamba kikomo kile ni cha joto: uvimbe unakaa pale ambapo joto halishuki chini ya nyuzi 16 za Selsiasi hivi, na mvua inazidi kiasi fulani kwa mwaka. Mipaka ya namna hiyo ni mipaka ya mbu. Ndiyo maana hata Baringo, ambako Bonde la Ufa linashuka hadi mita 1,000 hivi, hakukuwa mahali pa kutarajia ugonjwa huu kwa wingi: joto lipo, mvua haitoshi. Dhana ya kwanza ikawa kwamba kuna virusi vinavyobebwa na mbu, navyo husababisha saratani.

Dhana hiyo ilikuwa na ukweli, lakini ukweli wenyewe ulikuwa umekaa upande mwingine.

Tarehe 22 Machi 1961, kabla hata ya safari ile ndefu, Burkitt alitoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex, London. Kati ya wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi. Kabla mhadhara haujaisha, Epstein alikuwa ameshaamua kuacha kazi nyingine zote. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Kwa muda mrefu hakikuonekana kitu. Desemba 1963 ndege iliyobeba sampuli ilizuiwa na ukungu London, ikaenda kutua Manchester, na chupa ilipofika maabara jioni maji yake yalikuwa yameshakuwa na utusitusi. Wengine wangeitupa wakidhani bakteria wameingia. Epstein aliweka tone chini ya hadubini, akaona seli za saratani zimejitenga na kipande cha nyama, zinaelea zikiwa hai. Kwa njia hiyo waliweza kuzikuza, na Februari 1964, kwa hadubini ya elektroni, virusi vikaonekana ndani yake. Tangazo lilitolewa Machi mwaka huo, likiwa na majina ya Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr. Hivyo ndivyo virusi vya Epstein-Barr vilivyopata jina.

Lakini virusi hivyo havibebwi na mbu. Huambukizwa kwa mate, na watu wazima karibu wote duniani wanavyo, wa Molo sawa na wa Ahero, wa London sawa na wa Lagos. Ikiwa kila mtu anavyo, mbona uvimbe unabagua kwa mwinuko?

Jibu lilianza kutafutwa Kenya. Gilbert Dalldorf, Mmarekani, alishirikiana na C. A. Linsell, mtaalamu wa patholojia aliyekuwa Nairobi, wakalinganisha mahali walikotoka watoto wagonjwa na maradhi mengine ya nchi hii. Mwaka 1964 walionyesha kwamba ramani ya uvimbe inafuata ramani ya malaria ya kudumu, ile inayomshika mtoto tena na tena tangu uchanga. Kimelea cha malaria kali hakikomai ndani ya mbu palipo na baridi chini ya nyuzi 16 hadi 18. Mstari wa Haddow ulikuwa wa mbu kweli, ila mbu alikuwa amebeba malaria.

Ushahidi uliongezeka polepole, na karibu wote ulitoka kanda hii. Huko West Nile, Uganda, watoto wapatao 42,000 walitolewa damu katika miaka ya mwanzo ya 1970, na wale waliokuja kuugua baadaye walionekana walikuwa na kinga nyingi mno dhidi ya virusi vya Epstein-Barr tangu kabla ya uvimbe kutokea. North Mara, Tanzania, watoto walipewa klorokwini kati ya 1977 na 1982, na wagonjwa wa limfoma wakapungua, ingawa wataalamu wamebishana kwa sababu upungufu ulikuwa umeanza kabla ya dawa. Mwaka 2007 Walter Mwanda wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake, akiwamo Jeanette Rainey, walichapisha uchambuzi wa wagonjwa wa Kenya nzima, wilaya kwa wilaya: malaria inavyozidi, ndivyo limfoma ya Burkitt inavyozidi.

Hapa Nakuru inaingia katika simulizi kwa kutokuwamo. Baridi iliyozuia malaria ndiyo iliyowavutia walowezi wa Kizungu kuzitwaa nyanda hizi na kuzifanya zao. Baridi hiyohiyo iliwakinga watoto wa vibarua katika mashamba yao dhidi ya limfoma ya taya, bila mtu yeyote kukusudia wala kujua. Burkitt mwenyewe alibaini kwamba nchini Uganda watu waliohama kutoka milimani kwenda tambarare waliweza kupata ugonjwa huo wakiwa na umri mkubwa kuliko wenyeji.

Turudi kwenye kromosomu.

Katika hospitali iliyoitwa King George VI, ambayo baada ya Uhuru ikawa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, alikuwako mpasuaji wa masikio, pua na koo aliyeitwa Peter Clifford. Watoto wenye limfoma walipelekwa kwake kutoka pande zote za Kenya. Kwa kuwa mashine za mionzi hazikuwapo, Clifford huko Nairobi na Burkitt huko Kampala walijaribu dawa: methotreksati, siklofosfamidi. Matokeo yaliwashangaza walimwengu. Uvimbe uliokuwa mkubwa kuliko uso wa mtoto ulinywea kwa siku chache, na baadhi ya watoto walipona moja kwa moja kwa dozi chache tu, wakati ambapo madaktari wengi wa Ulaya hawakuamini kwamba dawa peke yake inaweza kuponya saratani. Mwaka 1967 Kampala ilipata kituo maalumu cha limfoma, ambacho leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda, kikiongozwa kwanza na John Ziegler. Mwaka 1972 tuzo ya Lasker ilipotolewa kwa waasisi wa tiba hii, Burkitt na Ziegler walikuwamo, na pia Mkameruni Anomah Ngu. Serikali ya Idi Amin ilipowafanya wageni wakimbie, kituo kilishikwa na Mganda Charles Olweny, naye akakizuia kisife. Olweny anastahili kitabu chake mwenyewe.

Clifford alifanya jambo jingine. Alitenga vipande vya uvimbe na kuvipeleka kwa ndege Stockholm, katika Taasisi ya Karolinska, kwa wanandoa George na Eva Klein. Kutokana na sampuli hizo zilipatikana seli ambazo zinaendelea kuzaliana katika chupa hadi leo. Moja ya koo hizo za seli ilitoka kwa kijana Mkenya, ingali inakuzwa katika maabara za mabara yote, na inaitwa kwa jina lake. Ukoo wake wa seli umewatajirisha watafiti kwa elimu kwa zaidi ya nusu karne.

Huko Stockholm, Torbjörn Caspersson na Lore Zech walikuwa wamebuni rangi inayozifanya kromosomu zing'ae kwa mistari, kila moja kwa mpangilio wake. Kabla ya hapo kromosomu 46 za binadamu zilitofautishwa kwa urefu na umbo tu. Wabulgaria wawili, George Manolov na mkewe Yanka Manolova, waliitumia rangi hiyo kwenye seli za limfoma ya Burkitt. Mwaka 1972 walitangaza kwamba kromosomu moja ya 14 ina kipande cha ziada mwishoni. Mwaka 1976 Lore Zech na wenzake walionyesha kipande hicho kilikotoka: kimekatika kutoka kromosomu ya 8.

Msomaji asidhani hii ilikuwa mara ya kwanza kromosomu iliyoharibika kuonekana katika saratani. Mwaka 1960 Peter Nowell na David Hungerford wa Philadelphia walikuwa wameona kromosomu fupi isiyo ya kawaida katika lukemia sugu ya watu wazima, na mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago alieleza kwamba ufupi ule umetokana na kubadilishana vipande kati ya kromosomu ya 9 na ya 22. Ila katika saratani za watoto, na katika limfoma zote, uvimbe wa watoto wa Afrika Mashariki ndio ulioufungua mlango.

Mwaka 1982 maabara kadhaa za Marekani zilifika mwisho wa njia. Kipande kinachohama kutoka kromosomu ya 8 kinabeba jeni iitwayo MYC, ambayo kazi yake ni kuiambia seli igawanyike. Kwa kawaida jeni hii huamka kwa muda, ikafanya kazi yake, ikanyamaza. Kwenye kromosomu ya 14 kipande hicho hutua kando ya jeni ambazo limfosaiti hutumia kutengeneza kingamwili, nazo hazilali kamwe. Waliouona mradi wa Perkerra pale Marigat wataelewa upesi: ukibomoa kingo za mfereji mkuu mahali pasipostahili, maji yaliyopangiwa shamba moja yataingia jingine mchana na usiku, na hakuna wa kuyafunga. MYC imewekwa kwenye mfereji usiofungwa. Seli inagawanyika kila baada ya siku moja au mbili. Ndiyo sababu uvimbe wa Burkitt huongezeka ukubwa mbele ya macho ya mzazi.

Na kwa nini ikatike? Limfosaiti zina kimeng'enya kinachokata jeni za kingamwili makusudi, ili mwili ubuni kinga mpya dhidi ya kila adui. Kimeng'enya hicho, AID, kilitambuliwa Japani na kundi la Tasuku Honjo mwishoni mwa miaka ya 1990. Mara chache mno hukosea, kikakata palipo na MYC. Katika mwili wa mtoto anayeshambuliwa na malaria mwaka mzima, limfosaiti zinazokatwakatwa hivyo ni nyingi kupita kiasi na hazipumziki, na virusi vya Epstein-Barr huisaidia seli iliyokosewa isife. Hivyo mteremko wa Kericho, mbu wa Ahero na kromosomu ya 8 vikaunganishwa. Kazi ya Haddow na Dalldorf ilichukua miongo minne kuelezwa hadi ndani ya kiini cha seli.

Limfoma ya Burkitt huweza kumwagika kwenye damu na uboho wa mifupa. Hapo inakuwa lukemia. Mwaka 1976 wataalamu wa Ufaransa, Marekani na Uingereza walipoigawa lukemia kali ya limfosaiti katika mafungu matatu kwa sura ya seli, fungu la tatu, L3, lilikuwa hilo: seli za Burkitt, zenye vitundu vya mafuta vinavyoonekana wazi kwenye slaidi. Ni nadra, asilimia 2 hivi tu ya lukemia kali za limfosaiti kwa watoto. Lakini ni fungu linalofundisha sana, kwa sababu matibabu yake hayafanani na ya mengine. Lukemia ya kawaida ya watoto hutibiwa kwa miaka 2 hadi 3, dawa nyingi zikiwa za kumeza. Ya Burkitt hutibiwa kwa miezi michache ya dawa kali. Ukimpa mtoto wa aina moja matibabu ya aina nyingine, unampoteza.

Na hapa ndipo Nakuru inapohusika moja kwa moja. Lukemia haiulizi mwinuko. Mtoto wa Kuresoi anaweza kuipata sawa na mtoto wa Bondo. Utafiti uliofuata baada ya 1976 umeonyesha kwamba chini ya jina hilo moja kuna maradhi mengi, mengi yao yakiwa na mkato wake wa kromosomu. Ulaya na Marekani, takriban mtoto mmoja kati ya wanne au watano wenye lukemia ya limfosaiti B ana muungano wa jeni ETV6 na RUNX1, kromosomu ya 12 na ya 21. Muungano huu haukujulikana hadi katikati ya miaka ya 1990, kwa sababu vipande vinavyobadilishana vinafanana hata chini ya rangi za Lore Zech. Watoto hawa hupona vizuri, na hawahitaji kuteswa kwa dawa kali mno. Watoto wanaougua kabla ya kutimiza mwaka mmoja, karibu watatu kati ya wanne, wana mkato katika jeni KMT2A kwenye kromosomu ya 11, na hali yao ni ya hatari. Wapo wachache, chini ya asilimia 1, wenye muungano wa TCF3 na HLF, ambao kwa dawa za kawaida karibu wote hupoteza maisha.

Mwaka 1999 kundi la Mel Greaves wa London lilichukua matone ya damu yaliyokaushwa kwenye kadi siku watoto walipozaliwa, watoto ambao miaka baadaye waliugua lukemia. Muungano wa jeni ulikuwamo tayari katika baadhi ya matone. Ulianza tumboni. Kila mzazi aliyewahi kuambiwa na majirani kwamba alikosea chakula, au alimwudhi mtu, au alipuuza mila, anapaswa kuusikia ukweli huo. Mkato wa namna hii hutokea kwa bahati mbaya seli inapogawanyika. Hakuna mama aliyeusababisha.

Halafu wapo wenye kromosomu ya Philadelphia, ile fupi ya Nowell na Hungerford inayotokana na muungano wa kromosomu ya 9 na ya 22, asilimia 3 hadi 5 ya watoto wenye lukemia kali ya limfosaiti. Zamani tegemeo lao lilikuwa kupandikizwa uboho. Ikaja imatinibu, kidonge kinachozima kazi ya muungano huo. Mwaka 2009 watafiti wa Amerika Kaskazini walionyesha kwamba ukikiongeza kwenye dawa za kawaida, watoto 80 kati ya 100 hufika miaka 3 bila ugonjwa kurudi. Awali walikuwa 35. Kidonge kimoja kimefanya hivyo, lakini sharti ujue ni mtoto yupi wa kumpa.

Kujua huko ndiko kunakokosekana. Mtoto wa Nakuru mwenye lukemia huanza na homa, uchovu na rangi kufifia. Kwenye zahanati hupewa dawa za malaria au za kuongeza damu. Zikishindwa, anarudi na dawa nyingine. Akibahatika, mtu anaagiza hesabu kamili ya damu, anatumwa hospitali ya rufaa ya kaunti, ambayo wenyeji bado wanaiita PGH, na kutoka hapo hupelekwa Nairobi au Eldoret, kwa barabara ya Timboroa na Burnt Forest, zaidi ya kilomita 150. Eldoret kuna hospitali ya watoto ya Shoe4Africa, iliyofunguliwa mwaka 2015 ndani ya Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, na madaktari waliojitolea maisha yao kwa watoto hawa. Ni wao, pamoja na wenzao wa Amsterdam, waliochapisha ukweli mchungu: katika miaka ya mwisho ya 2000, zaidi ya nusu ya watoto wa saratani walioweza kufuatiliwa waliacha matibabu kabla ya kumaliza. Wazazi walitaja nauli, bili, na hofu ya mtoto kuzuiliwa hospitalini hadi bili ilipwe. Waliokuwa na bima walifanya vizuri zaidi. Bima hiyo, NHIF, ilipisha Mamlaka ya Afya ya Jamii Oktoba 2024, na familia nyingi bado zinajifunza njia mpya.

Katika hali hiyo, kipimo cha mkato wa kromosomu huonekana kama anasa. Mara nyingi sampuli hupelekwa maabara za binafsi za Nairobi, nyingine huvuka mipaka, na mzazi hulipa. Naona hoja ya anasa haina msingi. Watoto 9 kati ya 10 wenye lukemia kali ya limfosaiti hupona katika nchi zenye uwezo, na sehemu ya ushindi huo imetokana na kumgawia kila mtoto dawa kwa kipimo cha jeni zake. Elimu hiyo ilianzishwa kwa vipande vya miili ya watoto waliolazwa Kampala na Nairobi, vikasafirishwa kwa ndege hadi London na Stockholm, na familia zao hazikupata chochote cha kudumu. Kipimo kurudi Bonde la Ufa ni malipo ya deni.

Na jambo hilo linawezekana. Mashine za GeneXpert zimesambazwa katika hospitali za kaunti za Kenya kwa ajili ya kifua kikuu. Mashine hizohizo zina kibweta cha kupimia muungano wa kromosomu ya Philadelphia, kilichotengenezwa kwa ajili ya lukemia sugu ya watu wazima. Nakuru imepata hadhi ya jiji tangu Desemba 2021, na katika miaka ya karibuni imeanzishiwa kituo cha saratani cha kikanda. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani duniani wawe wanapona, na limetaja lukemia kali ya limfosaiti na limfoma ya Burkitt kati ya saratani 6 za kuanzia.

Kwa hiyo naiomba serikali ya kaunti na Wizara ya Afya iweke vipimo vya mikato mikuu ya kromosomu katika orodha ya vinavyolipiwa na bima ya umma, na sampuli isafiri badala ya mtoto. Waganga na wauguzi wa zahanati nawaomba msimpe mtoto dawa ya malaria mara ya pili kabla ya kipimo kuonyesha ana malaria. Na wewe mzazi, kama mtoto wako ana homa isiyokoma, amepauka, anachubuka bila kuanguka, anatoka damu puani au analalamika mifupa, usiondoke hospitalini kabla ya kuomba hesabu kamili ya damu na slaidi yake isomwe siku hiyohiyo.